Vifuniko Arobaini na Kimoja

Sehemu ya Saba

Halikutoka hata tone.

Hapo ndipo tulipokomea juma lililopita. Paskazia ameinama mbele ya Bwana Shauri wa Geita, afisa wa serikali na hakimu, mkono mmoja umeshika birika la Kichina lenye joka la samawati, mkono wa pili umebana kifuniko, na sebule nzima ya Bartholomeo inasubiri chai. Birika lilikuwa limejaa, tena la moto. Aliliinamisha zaidi, na kikombe kikabaki kikavu.

Kama juma lile hukulipata gazeti, habari ni fupi. Makoye, mume wa Paskazia, yuko mahabusu. Anashtakiwa kuiba kinundu cha dhahabu, ukubwa wa kidole gumba, katika kinu cha kusagia mawe mgodini, alikokuwa mfagizi. Leo ni Jumamosi alasiri na kesi ni Jumatatu. Paskazia amekubali kuwagawia chai wageni wa Bartholomeo kwa sababu moja tu, apate kusema maneno mawili na Bwana Shauri kabla mumewe hajafungwa miaka.

Na Bartholomeo ni nani? Ni karani wa stoo wa zamani, sasa mwenye duka la nguo hapa Rwamgasa, ambaye mwaka jana, mwaka wa hamsini na mbili, alinunua mabirika arobaini na moja ya Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Mzungu huyo, Fenwick, mhandisi, alikuwa ameyakusanya dunia nzima, na Bartholomeo, ambaye hajavuka Mwanza, alidhani akiyanunua amekwenda yeye. Akayapanga kwenye kabati la vioo. Akaandika vijikaratasi kwa mkono wake: UCHINA, KALE SANA. URUSI, KALE. UINGEREZA, KALE KIDOGO. Chai yake mwenyewe anaendelea kunywea kopo la bati.

Mtu wa namna hiyo ndiye anayetaka ateuliwe mzee wa baraza, aketi kwenye kiti na kuhukumu wenzake. Ndiyo maana ya karamu ya leo.

"Inamisha, Mama Mageni," alisema Bartholomeo. "Hujawahi kushika birika?"

"Nimeinamisha, Baba Klara."

"Inamisha kwa adabu."

Mimi adabu ya kuinamisha birika siijui, na sidhani hata yeye aliijua. Paskazia alijaribu tena. Birika lilitoa matone matatu, likacheua, likanyamaza.

"Labda majani yameziba," alisema Bwana Shauri kwa Kiswahili chake safi. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, na mwenye kiu.

"Hapana, bwana, hilo ni zee tu, limechoka. Mama, mpe mgeni la Urusi."

Mezani yalikuwapo mabirika matano yaliyojaa chai, kila moja la nchi yake, kwani Bartholomeo alitaka kila mgeni anywe kutoka nchi mbalimbali kisha akasimulie. Paskazia akachukua la Urusi, lenye maua mekundu ubavuni. Likakohoa mara moja, basi. Akachukua la Kiingereza lililofinyangwa kwa umbo la ngamia, chai itokee kinywani mwa mnyama. Ngamia akagoma. La udongo mwekundu la Japani, dogo kama embe, halikutoa kitu kabisa. La fedha la Moroko likachuruzika kidogo, si kikombeni, bali juu ya kitambaa cha meza alichokishona Mama Klara kwa miezi minne.

Wageni wakaanza kutazamana. Walikuwamo kumi na wawili: wenye maduka, wachimbaji wenye majina, na wazee. Mmoja wa wazee hao alikuwa Bujiku, mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, wa upande wa Tinde, baba mzazi wa Paskazia. Alikuja kwa lori kusikiliza kesi ya mkwewe, na Bartholomeo, aliyekuwa akiwinda wazee wa kumsemea vizuri, akamkokota hadi sebuleni.

Mzee Bujiku alikishika kikombe chake na kukipindua kifudifudi juu ya kisahani.

"Mwanangwa, bado hujanywa," alisema Bartholomeo.

"Sinywi."

"Kwa nini, mzee wangu?"

"Vyombo vitano vya nyumba moja vimemkataa mgeni. Mimi nitajipeleka kwa cha sita nina nini?"

Hakupaza sauti, lakini ilitosha. Mzee wa pili akapindua kikombe. Wa tatu akafuata. Kikombe kikipinduliwa mbele ya mwenye nyumba hivyo, hapa kwetu, hakuna haja ya hotuba, na Bartholomeo aliona kiti chake cha baraza kinamtoka kwa kila kikombe kilicholia juu ya kisahani chake.

Basi akafanya anachofanya kila mwoga aliyevaa tai. Alimtafuta aliye chini yake.

"Ni huyu mwanamke," alisema. "Jana mabirika yalikuwa mazima. Leo ameyashika yeye, yamekufa. Mume mwizi, mke mchawi, na mimi kwa huruma yangu nimemfungulia mlango. Bwana Shauri, unaona watu tunaoishi nao?"

Nasema wazi, wasomaji wangu, hapo nilimchukia. Paskazia alikuwa amesimama tangu saa nne asubuhi akichemsha maji ya mbwembwe zake, wala hajapewa hata andazi.

Mzee Bujiku alishika fimbo yake. Paskazia akamtazama, naye akaiachia.

"Naomba niangalie ndani," alisema Paskazia.

"Usiguse."

"Mwache aangalie," alisema Bwana Shauri.

Paskazia alichukua tena birika la joka, akaliinamisha juu ya kikombe, akanyanyua kifuniko, na chai ikatoka kwa nguvu, ikajaza kikombe, ikajaza kisahani, ikamfikia Bwana Shauri kwenye goti. Akarudisha kifuniko. Ikakata. Akakinyanyua. Ikatoka.

Mtu mmoja nyuma alicheka. Akajiunga wa pili.

Paskazia hakucheka. Alikigeuza kifuniko mkononi. Ukingoni kilizungushiwa nta ya nyuki, imekandamizwa vizuri ili kifuniko kisicheze. Juu, kando ya kishikio chenye umbo la simba, palikuwa na kidoa cha manjano, kidogo kama punje ya ulezi, kinang'aa.

"Hiki kilikuwa kitundu," alisema. "Kimezibwa. Nimeosha vyombo vya masista misheni miaka mitatu. Sista Philomena alituambia kila birika lina pua kwenye kifuniko. Ukiziba pua, mdomo haumimini."

Bwana Shauri alikipokea kifuniko, akakisogeza dirishani.

"Nani ameziba?"

Sasa sikilizeni. Mtu mwenye akili ya kuku angejibu kwamba hajui. Kuku mwenyewe angejibu hivyo. Bartholomeo alinyoosha tai, akapiga hatua mbele, akatabasamu.

"Mimi, bwana."

"Wewe?"

"Mimi mwenyewe. Yule Fenwick alinidhulumu. Nilipofika nyumbani na kuyakagua, nikakuta vifuniko vyote vimetoboka. Arobaini na kimoja, bwana, vyote. Mzungu mzima na elimu yake ananiuzia vyombo vibovu. Mwingine angelalamika. Mimi nikavitengeneza. Nta nikaagiza Masumbwe, ile nzuri ya porini. Na vitundu, fundi alitaka kuziba kwa bati. Nikamwambia vyombo vya heshima haviwekwi bati." Akageuka ili kila mgeni amsikie. "Hiyo ni dhahabu tupu."

Dhahabu tupu.

Rwamgasa nzima, hata walevi wake, wanajua kwamba kukutwa na dhahabu mbichi bila leseni ni jela. Watu hapa huificha kwenye nywele, kwenye mkate, kwenye jino bovu. Bartholomeo aliiweka kabatini nyuma ya kioo, akaalika serikali ije kuitazama. Nimejitafuta moyoni kama nina huruma naye. Sina.

Mama Klara, mkewe, alikuwa wa kwanza kusema. Jina lake ni Euphrasia, na ameishi na mtu huyu miaka ishirini na miwili, jambo ambalo peke yake linastahili nishani.

"Nilikwambia uviache hivyo vitundu," alisema. "Nilikwambia."

Hapo ndipo Bartholomeo alipoyasikia maneno yake mwenyewe. Tabasamu lilibaki, lakini uso nyuma yake ulikuwa umeondoka.

"Yaani rangi ya dhahabu, bwana. Ni shaba. Shaba iliyosuguliwa."

"Kuna mtu hapa anayeijua dhahabu?" aliuliza Bwana Shauri.

Swali la namna hiyo Rwamgasa ni la kuchekesha. Wageni wote waliangalia miguu yao. Mwishowe akasimama Kalisti, mchimbaji mkongwe, mwenye leseni yake halali na vidole vitatu kwenye mkono wa kushoto. Alikichukua kifuniko, akatoa jiwe jeusi mfukoni, akasugua kile kidoa, akautazama mstari uliobaki.

"Baba Klara," alisema, "shaba haijawahi kunijaza mate mdomoni."

Akakirudisha kifuniko na kuketi.

Paskazia aliona mlango umefunguka, akaingia bila kubisha. Alipiga goti.

"Shikamoo, bwana. Sijapata nafasi ya kukuamkia. Mume wangu Makoye yuko ndani kwa dhahabu iliyopotea kinuni. Walimpekua, wakachimba hadi chini ya kitanda chetu, hawakupata hata chembe. Leo dhahabu nimeiona kwa macho yangu, na wewe umeiona. Naomba umuulize mwenye nyumba aliipata wapi. Sina jingine."

Maneno yenyewe yalizidi mawili, lakini hakuna aliyehesabu.

"Umeipata wapi?" aliuliza Bwana Shauri.

"Niliiokota," alisema Bartholomeo.

"Wapi?"

"Njiani."

"Njia gani?"

"Ile... ya kwenda." Akajipangusa shingo. "Hapana, nakumbuka. Si yangu. Fundi ndiye aliyetoa dhahabu. Thobias, sonara, huyo wa ng'ambo ya barabara. Mimi nilimpa vifuniko tu. Alichotia yeye nitakijuaje?"

Dakika tano zilizopita alikuwa amekataa bati kwa ajili ya heshima. Sasa hakujua kilichotiwa. Bwana Shauri alimtuma askari wake akamwite fundi, na wakati wakisubiri, akaagiza vifuniko vyote viletwe mezani.

Vikaletwa. Kimoja kilikuwa na kishikio cha ndege, kingine boga, kingine waridi, kingine kizee cha Kichina kinachocheka huku kimeshika tumbo. Kila kimoja kilikuwa na punje yake ya manjano. Na Bartholomeo, mbele ya kifungo chake mwenyewe, alikuwa na wasiwasi gani?

"Taratibu, askari. Hicho ni cha Uajemi, usikichanganye na vya Japani."

Thobias aliingia akiwa bado na aproni ya ngozi. Ni mtu wa Masumbwe, Msumbwa, mtaratibu, asiyependa maneno. Aliona vifuniko, akaona Bwana Shauri, kisha akamwona Paskazia, na hapo akainamisha kichwa. Mimi ningekuwa Paskazia ningeuogopa ule mwinamo. Yeye hakuuona.

"Vifuniko hivi umeviziba wewe?"

"Ndiyo, bwana."

"Nani alikuletea?"

"Vifuniko aliniletea Baba Klara mwenyewe, ndani ya kikapu, vimefungwa kwa majani ya migomba."

"Na dhahabu?"

Thobias aligeuzia macho vifuniko.

"Alikuletea Baba Klara?"

"Hapana."

"Mnasikia?" alisema Bartholomeo. Rangi ilimrudia usoni kwa haraka ya aibu. "Mnasikia? Si mimi. Nimewaambia."

"Nani basi, kaka?" alisema Paskazia. "Sema, usimwogope huyu."

"Simwogopi."

"Basi sema."

"Mama Mageni," alisema Thobias, "usiniulize mimi jambo hilo."

"Nakuuliza. Kuna mtu anaozea ndani bure kwa sababu watu wa hapa wanakaa kimya. Mtaje."

Fundi alivua kofia.

"Makoye," alisema.

Nataka mjue Paskazia alifanya nini. Alitabasamu. Alidhani fundi anamtaja huyo anayeozea ndani, kwamba ameelewa na sasa atasema jina lenyewe. Akasubiri.

"Makoye wako," alisema Thobias. "Aliileta mwenyewe, imefungwa kwenye kitambaa. Akasema ametumwa na Baba Klara, niyeyushe, nitoe matone arobaini na moja, na kinachobaki nimpe yeye akirudishe. Nikampa. Kilikuwa kikubwa bado."

Tabasamu halikumtoka mara moja. Lilichelewa, na kulitazama lilikuwa jambo baya.

Bartholomeo alifungua mdomo. Mkewe akamkanyaga mguu, lakini amechelewa miaka ishirini na miwili.

"Mwongo," alisema. "Nilimwambia Makoye asimweleze mtu kwamba nimemtuma mimi, sasa..."

Kalisti aliangalia dari. Bwana Shauri alitoa kalamu, akaandika kitu kwenye kijitabu chake bila kuharakisha, kisha akamwambia askari achukue gunia. Gunia lilikuwa la unga. Vifuniko vikaingia vyote humo, Uajemi juu ya Japani, kizee kinachocheka juu ya waridi, na kila kimoja kilipogongana na kingine Bartholomeo alijikunja. Kabatini mabirika arobaini na moja yalibaki midomo wazi.

"Wewe hutoki Rwamgasa," aliambiwa. "Jumatatu utakuja Geita. Na hutakuja kukaa na wazee."

Naam, hapo ningependa kuandika kwamba tumemaliza. Mjinga ameumbuka kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna hata mmoja wetu anayesikitika. Lakini Paskazia bado amepiga goti, na swali lake ndilo lililompeleka mumewe karibu zaidi na jela.

"Fundi," alisema Bwana Shauri, "Makoye alikuletea dhahabu siku gani?"

"Jumatano ya Majivu, bwana. Asubuhi. Mimi nilikuwa nimetoka kanisani, nina majivu usoni, naye akanitania."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Bwana Shauri alifunua kurasa za nyuma za kijitabu chake.

"Makoye aliandikisha maelezo polisi," alisema polepole. "Alisema Jumatano ya Majivu, siku kinundu kilipogunduliwa kimepotea, alishinda nyumbani kutwa, anaumwa homa. Alisema mkewe alikuwapo, na mkewe anaweza kusema." Akamtazama Paskazia, si kwa ukali. "Kama ni kweli, mama, huyu fundi amekosea siku, na mumeo ana nafasi. Kama si kweli, hana. Hakuna aliyewahi kukuuliza. Nakuuliza mimi. Jumatano ya Majivu Makoye alikuwa wapi?"

Wasomaji wangu, siku hiyo Paskazia hakuwa Rwamgasa. Alikuwa Tinde. Jumatano ya Majivu ndiyo siku waliyomzika mama yake. Alikwenda na mtoto mgongoni, peke yake, kwa sababu Makoye alisema mwili unamuuma, homa imemshika, awaombe radhi wakwe. Na Paskazia alimwombea radhi. Alisimama kaburini mbele ya ukoo wote akimsemea mumewe kwamba ni mgonjwa, maskini, hata uji hali, huku mumewe anamtania sonara kwa majivu usoni.

Aliyajua yote hayo kwa mara moja. Alimkasirikia Makoye hasira ambayo hakuwahi kuijua. Alitamani awe mbele yake apate kumzaba kofi. Na katikati ya hasira hiyo alimwona Mageni, mwenye miezi tisa, akikua bila baba, na aliwaona wanawake wa kisimani wakikaa kimya kila atakapotokea.

Akamtazama Bwana Shauri machoni.

"Alikuwa nyumbani, bwana," alisema. "Ana homa. Nilimpikia uji kwa mikono yangu."

"Ulikuwa naye?"

"Kutwa."

"Utaapa hivyo Jumatatu?"

"Nitaapa."

Thobias aligeuka akamtazama kama mtu aliyepigwa. Bartholomeo, ambaye akili yake huchelewa kuliko lori la Shinyanga, alianza kuelewa kwamba uongo huu unaweza kumfaa na yeye, akatikisa kichwa kuunga mkono. Kalamu ya Bwana Shauri iligusa karatasi.

Kiti kililia nyuma.

Mzee Bujiku alikuwa amesimama. Hakumwangalia Bwana Shauri, wala Bartholomeo. Kofia aliishika kifuani kwa mikono miwili, kama alivyoishika siku ile Tinde walipokuwa wakifukia udongo.

"Ng'wanawane, mwanangu," alisema, "Jumatano hiyo mimi na wewe tulikuwa wapi?"